Mti wa Ukoo Mtandaoni Bila Kulipia: Mwongozo Kamili

Binamu yangu aliyeko Muscat alinitumia picha ya skrini saa nne usiku. Jina la bibi mzaa babu yetu lilionekana nusu, herufi za mwisho zimefunikwa ukungu, na chini yake kitufe kikidai namba ya kadi ya benki. "Huyu si ndiye bibi wetu wa Pangani?" akauliza. "Nilipie?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Usiku ule tulikaa hadi saa saba tukizunguka kutafuta mlango mwingine. Haya hapa chini ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa kuwasaidia jamaa.

Jua kwanza kilichofungwa ni nini

Tovuti kubwa za nasaba, kama Ancestry na MyHeritage, zinauza hasa vitu viwili. Cha kwanza ni nyaraka: sensa, vyeti vya ndoa, orodha za abiria wa meli, ambazo kampuni imegharimia kuzipiga picha na kuziandikia faharasa. Cha pili ni mashine ya kutafuta inayolinganisha majina ya watu mamilioni na kukwambia, "huyu huenda ni wako."

Lakini mti wenyewe haukuandikwa na kampuni. Kauandika mtu: mstaafu fulani huko Leicester, au kijana aliyekaa na babu yake kabla hajafariki. Mtu huyo ana uwezo wa kukufungulia bure, na wengi wao hufurahi kuulizwa kwa sababu wamechoka kukaa peke yao na majina ya marehemu. Kwa hiyo kila unapokutana na kitufe cha malipo, jiulize: ninachokitaka ni waraka au ni mti? Kama ni mti, tafuta mwenye nao.

Hatua ya 1: daftari kabla ya simu

Kaa na mzee mwenye kumbukumbu kuliko wote. Kwetu ni shangazi. Andika anavyotaja, usisahihishe. Andika jina la mtu, la baba yake, la babu yake, kabila au nisba (jina la ukoo au la mahali walikotoka wazee wake, kama Al-Barwani), mtaa, lakabu. Lakabu usizidharau, maana mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la utani huenda ndivyo alivyoandikwa hata kwenye karatasi za serikali.

Tarehe wazee wetu wanazo kwa matukio. "Alizaliwa baba yake akiwa kwenye Maji Maji" ina maana ya kati ya 1905 na 1907. "Alikuwa mwari Waingereza walipoingia" inakupa 1916 hivi kwa upande wa Tanganyika. Andika maneno yenyewe ya mzee, na mwaka uliokisia uuweke pembeni, ili kesho usije ukaukumbuka kama alioutaja yeye.

Halafu andika kila tahajia inayowezekana. Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Salum, Salim, Saleem. Mohamed, Muhammad, Mohammed, Muhamadi. Barwani, Al-Barwani, El-Barwany. Karani wa Kijerumani alisikia kivyake, wa Kiingereza kivyake, na mjukuu aliyeko Kanada naye kaandika kama pasipoti yake ilivyoandika. Kwenye visanduku vingi vya kutafutia unaweza kuweka nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo: Moham*d italeta Mohamed na Mohammed. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja tu: Sal?m italeta Salim na Salum.

Hatua ya 2: jizoeze kwa mtu ambaye majibu yake unayo

Watu hurukia kumtafuta babu yao, wanakosa, wanahitimisha kwamba tovuti haina kitu. Anza na mtu anayejulikana ujue tovuti inavyofanya kazi. Mimi huwapa wanafunzi wangu, yaani jamaa wanaonisumbua WhatsApp, Sayyida Salme.

Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Msirkasia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Uingereza hadi Aden, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko huko na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Tangu hapo jina lake ni Emily Ruete. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akaacha watoto watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie.

Fungua Wikidata, hazina ya taarifa iliyo ndugu wa Wikipedia, ambayo haina malipo wala haikuombi akaunti, uandike Emily Ruete. Utaona baba, ndugu, mume, watoto. Kisha fungua Entitree, ambayo ni bure pia na inachukua taarifa za Wikidata na kuzichora ziwe mti wa kubofya. Gusa kwa baba yake uone ukoo wa Al Busaid unavyopanuka. Ukimaliza mtafute mtu huyo huyo Geni, kisha FamilySearch (tovuti za miti nitakazozieleza hapa chini), kwa majina yake yote: Salme, Salma, Salama binti Said, Emily, Emilie.

Sasa mtego. Ukiona mti unaosema mama yake ni Azza binti Seif, funga. Azza alikuwa mke wa Sayyid Said, mwenye nyumba yake, lakini hakumzaa Salme. Mtu alikuta jina la mke akadhani watoto wote ni wake. Kosa hili limejaa kwenye miti ya pwani na ya Oman: watoto wa masuria wanahamishiwa kwa mke wa ndoa, au nafasi ya mama inaachwa tupu. Upande wa kike ndio unaopotea kwanza. Ukishaliona kwa Salme utalitambua hata kwenu.

Hatua ya 3: FamilySearch, na usiharakishe

Kama una bando la kufungua tovuti moja tu, fungua hii. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Utah, Marekani, ambalo limekuwa likikusanya nasaba kupitia chama chake tangu 1894. Tovuti ilianza 1999. Hakuna kifurushi cha kulipia kabisa. Unafungua akaunti, basi. Huhitaji kuwa muumini wao. Mimi natumia na naswali zangu tano.

Ukishaingia, sehemu ya kutafuta ina milango kadhaa, na watu wengi hugonga mmoja tu. Mlango wa mti wa pamoja, "Family Tree", ni mti mmoja wa dunia nzima: kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuurekebisha. Kila mtu ana namba yake ya utambulisho, alama nne za herufi na tarakimu, kistari, kisha nyingine tatu. Ukipata namba hiyo iandike kwenye daftari, kwani majina hubadilishwa na watu lakini namba inakupeleka pale pale.

Mlango wa pili, "Genealogies", una miti iliyopakiwa na watu binafsi ikaachwa kama ilivyo. Haichanganywi na ule wa pamoja. Kwetu Waafrika mlango huu una uzito wake, kwani ndimo zilimo nasaba za mdomo: kwa miaka mingi kanisa hilo limekuwa likiwatuma watu vijijini katika nchi kadhaa za Afrika kuwahoji wazee na kuandika vizazi walivyotaja. Usitegemee kumkuta wa kwenu. Tazama tu, dakika mbili hazikuumizi.

Mlango wa tatu ni picha za nyaraka. Filamu zao za zamani, mikrofilamu zaidi ya milioni mbili, zilimalizika kuwekwa kidijitali mwaka 2021. Ukiona alama ya kamera, picha ipo. Ukiona kamera yenye ufunguo juu yake, picha ina masharti ya waliotoa nyaraka: mara nyingine inafunguka ukiwa ndani ya kituo cha FamilySearch au maktaba shirikishi. Vituo vingi viko kwenye majengo ya kanisa lenyewe, na tovuti ina ramani ya kukuonyesha cha karibu. Huduma ni bure. Piga simu kwanza, kwani vingi vinaendeshwa na watu wanaojitolea na saa zao si za ofisi.

Watu walio hai hawaonekani kwa wengine. Ukimwandika mama yako aliye hai, unamwona wewe. Na mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita bila taarifa ya kifo huhesabiwa kuwa huenda yu hai. Ndiyo maana mtu anatafuta babu yake aliyefariki 1980 na hamuoni: yule aliyemwandika hakuweka tarehe ya kifo, kwa hiyo kafichwa pamoja na wazima.

Hatua ya 4: miti mingine iliyo wazi

WikiTree, iliyoanza 2008, ni bure yote na kusoma hakuhitaji akaunti. Nzuri yake ni kwamba watu wake ni wakali wa vyanzo. Ukiandika jambo watakuuliza umelitoa wapi. Ya wazungu imejaa, ya kwetu ni michache.

Geni ilianza 2007 na ikanunuliwa na MyHeritage mwaka 2012. Kurasa za marehemu nyingi ziko wazi, na koo za kitawala za Oman na Zanzibar zinapatikana. Sehemu yake ya kutafuta hubana usiyelipa, lakini unaweza kupitia nje. Nenda Google uandike hivi, bila nafasi baada ya nukta mbili:

site:geni.com "Ruete" Zanzibar

Google itakuletea kurasa za Geni tu zenye jina hilo. Badilisha geni.com iwe tovuti yoyote. Si ujanja wa kuvunja kufuli, maana kurasa hizo mwenyewe kaziacha wazi.

Geneanet ya Ufaransa, ya tangu 1996, inafaa kwa wenye jamaa Reunion, Ngazija au Ubelgiji. MyHeritage ina kiwango cha bure cha kujenga mti, mpaka wake watu 250. Na kama mti ulikuwa kwenye tovuti binafsi ya mtu ambayo sasa haifunguki, chukua anwani yake uipeleke Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za tovuti. Nimewahi kuukuta huko ukoo mzima wa familia moja ya Lamu, mwenye tovuti ameshaacha kuilipia zamani.

Kwa aliyefia vitani, tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ni bure na unatafuta kwa jina. Askari wengi wa King's African Rifles wamo. Wapagazi wa vita vya kwanza ni habari nyingine: maelfu kwa maelfu hawakuandikwa majina yao, na Tume yenyewe ilikiri hilo kwenye ripoti ya 2021. Ukimkosa wako, usifikiri umekosea kutafuta.

Hatua ya 5: omba mwaliko

Hapa ndipo mlango wa bibi yetu ulipofunguka.

Ancestry inamruhusu mwenye mti kumwalika mtu yeyote. Wewe unahitaji akaunti ya bure tu, bila kadi. Mwenye mti anakutumia mwaliko kwa barua pepe au kwa kiungo, na anachagua ukubwa wa ruhusa: kutazama tu, kuchangia, au kuhariri. Omba ya kutazama. Ukiomba ya kuhariri mara ya kwanza unamtisha, ni kama mgeni anayeuliza jikoni kuko wapi kabla hajakaribishwa kiti.

Ukishaalikwa utaona majina, mahusiano, picha na masimulizi aliyopakia yeye. Nyaraka za kampuni alizoambatanisha huenda zikaendelea kudai malipo. Si neno. Mwombe akusomee waraka unasemaje, au akutajie mwaka na mahali, kisha utafute waraka huo huo FamilySearch.

Kumpata mwenyewe, angalia jina lake la mtumiaji kwenye matokeo ya utafutaji. Kama tovuti haikuruhusu kumwandikia, tia jina hilo Google ndani ya alama za kunukuu. Watu wa nasaba hawana siri. Jina lile lile wanalitumia WikiTree, Find a Grave (tovuti ya kumbukumbu za makaburi) na kwenye makundi ya Facebook.

Ujumbe uwe mfupi, na uanze kwa kutoa kabla ya kuomba. Tulioutuma sisi ulikuwa hivi, nimeondoa majina tu:

"Assalaam alaykum. Mimi ni mjukuu wa fulani bin fulani wa Pangani. Kwenye mti wako nimemwona mwanamke ambaye naamini ni bibi mzaa babu yetu. Tunajua majina ya watoto wake wanne na mahali alipozikwa, na shangazi yetu aliye hai anamkumbuka. Tutafurahi kukupa tulichonacho. Je, unaweza kutualika kuutazama mti huo? Hatutachapisha jina la mtu yeyote aliye hai."

Kama humjui ni wa dini gani, "Habari za leo" inatosha. Kama yuko Ulaya na huna hakika anasoma Kiswahili, andika kwa lugha zote mbili, Kiswahili juu. Subiri wiki mbili ndipo ukumbushe, mara moja tu.

Hatua ya 6: au omba faili

Asiyetaka kualika watu anaweza kukutumia nakala. Tovuti karibu zote zinamwezesha mwenye mti kuupakua kama faili ya GEDCOM, yenye kikomo cha .ged. Ni maandishi matupu, hivyo ni ndogo na inapita WhatsApp kama waraka wowote. Ukiifungua utaona hivi:

0 @I1@ INDI
1 NAME Salme /binti Said/
1 SEX F
1 BIRT
2 DATE 30 AUG 1844
2 PLAC Zanzibar

INDI ni mtu mmoja, BIRT ni kuzaliwa, na kilicho kati ya mikwaju ndicho mashine inachokihesabu kuwa jina la ukoo. Ili uuone kama mti, weka Gramps kwenye kompyuta; ni programu ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Ukiingiza majina ya kwetu, amua mapema utaandikaje na usibadili katikati. Mimi naandika jina la mtu peke yake mahali pa jina, na "bin fulani" au "binti fulani" mahali pa ukoo. Nisba naiweka kwenye maelezo. Wengine hufanya kinyume, sawa tu.

Kuhusu siku 14 za majaribio na maktaba

Kampuni hukupa siku 14 za bure, kwa sharti la kadi. Zinafaa kama umeshafanya hatua zote za juu na una orodha ya vitu mahususi vya kutazama. Mimi ziliniponyoka. Nilijiandikisha kwenye tovuti moja, kazi zikanibana, siku ya 15 benki ikaniletea ujumbe kwamba nimelipia miezi sita. Tangu siku hiyo naweka kengele ya simu siku ya 10, na naghairi hapo hapo hata kama sijamaliza.

Walioko Uingereza na Marekani wana bahati zaidi. Maktaba nyingi za umma huko zimelipia Ancestry Library Edition, na msomaji anaingia bure akiwa ndani ya maktaba. Humo hujengi mti wako, unakwenda kwa ajili ya nyaraka. Kama una mpwa Birmingham au Minneapolis, mpe orodha iliyo tayari yenye jina, mwaka na mahali. Ukimwambia "nitafutie ya babu" atarudi na picha za mabasi.

Nywila ya rafiki usiitumie. Mbali na masharti ya tovuti, ukifuta kitu umefuta cha kwake.

Kabla hujanakili jina lolote

Tafuta chanzo. Ukiona miti mitano inasema jambo moja, huenda minne imenakili mmoja. Angalia hesabu: mama amemzaa mtoto akiwa na miaka 9, baba amefariki miaka mitatu kabla ya mwanawe kuzaliwa. Makosa ya namna hii yanaonekana kwa macho, ila watu hawatazami.

Na walio hai waache nyumbani. Jina la mama kabla ya kuolewa na tarehe ya kuzaliwa ndivyo baadhi ya benki huvitumia kumtambua mteja kwenye simu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mwulize mtu kabla hujamwanika.

Mwenye mti alitujibu siku ya 11. Alikuwa mstaafu Uingereza, mjukuu wa dada wa bibi yule. Alitualika sisi wawili, na jina likasomeka lote bila ukungu. Juu yake, kisanduku cha baba kilikuwa na jina na nisba. Cha mama kilikuwa kitupu. Binamu akanipigia kutoka Muscat, nikafungua daftari alilonisimulia shangazi. Jina lilikuwepo, neno moja, na mbele yake "wa Nyasa". Tukamtumia mwenye mti aliweke vile vile, bila kumbunia ukoo, na kwenye chanzo aandike: masimulizi ya mjukuu, daftari la Tanga, ukurasa wa 3.